Bukuru na Butoyi Hawatoki Hapa

Naanza na hili ili tusipotezeane muda: yaliyonipata yalinipata mchana, jua likiwa utosini, nikiwa nimeshiba ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka. Sikuwa na homa, sikuwa nimemeza kidonge chochote, na miwani yangu ilikuwa usoni. Nasema hivyo kwa sababu kila nikisimulia, hakosi mtu wa kuniuliza kama nilikuwa nimesinzia. Sikusinzia. Mtu mwenye hasira hasinzii, na siku ile nilikuwa na hasira tangu asubuhi.

Hasira yenyewe nitaieleza. Kwanza ujue kazi yangu.

Mimi ni mhifadhi katika nyumba moja ndogo ya makumbusho hapa Ujiji. Si pale wageni wanapopelekwa kupiga picha kwenye mnara. Yetu ni nyumba ya zamani ya matofali ya udongo, imefichika nyuma ya mafundi cherehani, hata bodaboda wengine hawaijui. Ndani tuna makasia, nyavu za kizamani, taa za karabai za wavuvi wa dagaa, vigoda, vinu, na vyungu vingi. Watu wakisikia natunza vyungu hucheka. Yaani unalipwa kukaa na vyungu? Ndiyo, nalipwa kukaa na vyungu, na mshahara ukichelewa nakaa navyo bure. Kama unadhani ni kazi ya kupangusa vumbi, njoo nikukabidhi stoo wakati wa masika. Utaona unyevu unavyopanda ukutani. Utaona dumuzi wanavyokula kinu kwa ndani huku nje kinang'aa, mpaka siku unakigusa na kidole kinazama.

Ufunguo wa stoo nauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Silali nao, lakini nikiwa kazini hautoki shingoni mwangu hata nikienda chooni. Hilo uliweke akilini, tutalihitaji.

Sasa nikuambie habari za vyungu viwili.

Vililetwa na mzee mmoja wa Kalinzi, kule milimani, Mzee Kiza. Kama wewe si mtu wa huku, jina hilo nikufafanulie. Waha wakipata mapacha, wa kwanza humwita Bukuru, wa pili Butoyi, na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ndiye Kiza. Kwa hiyo ukikutana na Kiza, unajua mbele yake walipita wawili. Mimi ni mama wa Kibembe wa Ujiji, babu yangu alivuka ziwa kutoka Kongo, na Kiha changu ni cha sokoni tu, lakini hayo ya mapacha kila mtu Kigoma anayajua.

Mzee Kiza alifika kwa pikipiki, amevikumbatia vile vyungu kifuani, koti la baridi ya Kalinzi bado mwilini na jasho la Ujiji likimtiririka. Vilikuwa vidogo, kila kimoja kinaenea viganjani, vyeusi kwa moshi. Alipoviweka mezani kwangu hakuniachia, aliendelea kuvishika. Akanieleza kwamba katika ukoo wao mama aliyezaa mapacha alifinyanga chungu cha kila mtoto, kwa udongo wa shimo moja, siku moja. Mama yake mwenyewe alizaa pacha, wakafa kwa surua wakiwa hawajaanza kutembea. Vyungu vikabaki. Tangu siku hiyo hadi anakufa yeye, kila asubuhi mama yule alikwenda navyo kisimani, kimoja mkono wa kulia, kingine wa kushoto, akavijaza na kurudi navyo.

"Wanangu wanataka kupandia vitunguu humu," Mzee Kiza aliniambia, na machozi yakamtoka bila aibu. "Wewe mwana, nipokelee. Ila mama alisema wasitenganishwe. Anachopata huyu, apate na yule."

Nikampokelea. Nikaviweka rafu moja, midomo imeelekeana, juu kabisa pasipofikiwa na unyevu. Nikimpangusa Bukuru, nampangusa na Butoyi. Unacheka? Cheka. Sheria ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba kitu ukikitenga na habari zake kimebaki kigae. Vile viwili habari zao zilikuwa ndizo hizo, kwamba ni wawili.

Haya, sasa hasira.

Mkuu wetu ni Bwana Sadoki. Si mtu mbaya, namtetea hapa kwa sababu baadaye nitamsema. Ni mtu aliyechoka na bati. Bati la nyumba yetu limeoza, mvua ikinyesha tunahamisha maboksi usiku kucha, na barua zote alizopeleka za kuomba msaada zilirudi na maneno matamu tupu. Akatokea bwana mmoja anajenga hoteli kandokando ya ziwa. Alikuja kutembea, akapita stoo, akaona vile vyungu. Akavipenda. Akasema akipata kimoja cha kuweka mapokezi, chenye taa ndogo juu yake, atatuezekea nyumba nzima kwa bati jipya.

Sadoki aliponiambia, nilidhani anatania.

"Si kwamba navitoa vyote," akasema. "Natoa kimoja. Tuna viwili vya aina moja, umbo moja, udongo mmoja. Cha pili ni nakala. Makumbusho yote duniani hupunguza nakala."

Nakala! Nilimpa za uso. Nilimwuliza, mkuu, mwanamke mwenye pacha akitoa mmoja ili aezeke nyumba ya yule aliyebaki, sisi tungemwita nani? Akasema mimi nachanganya vyungu na watu. Nikasema mwenye vyungu ndiye aliyechanganya, na sisi tulivipokea vikiwa vimechanganyika hivyo hivyo, tukampa mkono. Halafu akasema lile neno linalonichefua: "Mimi ndiye mkuu hapa."

Kesho yake asubuhi nikamfungulia stoo kama kawaida, akaingia, akatoka na Butoyi. Mimi nilikataa kumfunga. Akamfunga mwenyewe kwa karatasi, akamtia kwenye boksi la sabuni, akalizungushia gundi ya plastiki mara nyingi, akaliweka pembeni ya meza yangu, eti gari la hoteli litapita alasiri nilikabidhi. Akaenda zake sokoni Mwanga kununua kufuli mpya. Nikafunga stoo, nikakaa na lile boksi miguuni. Ndani ya stoo, juu rafuni, Bukuru amebaki peke yake na mdomo umeelekea hewani.

Nikala chakula changu kwa hasira. Adhuhuri ikaadhiniwa. Umeme ukakatika, feni ikasimama. Mafundi cherehani nje wakaacha kushona, ukawa ule ukimya wa mchana ambao hata kuku wanatafuta kivuli.

Ndipo nikasikia mlangoni, "Mwakeye."

Hiyo ni salamu ya Waha ya asubuhi. Nikainua macho huku nikijiuliza nani huyu anayenipa asubuhi jua likiwa utosini. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, kitenge kimoja kiunoni na kingine begani, miguu mitupu. Miguu ilikuwa na matope. Matope mabichi mekundu, na Ujiji nzima ilikuwa vumbi, mvua hatujaiona kitambo. Niliona hilo, naapa niliona, lakini akili ilikuwa kwenye boksi.

"Shikamoo mama," nikasema. "Karibu. Kiingilio tutaongea, pumzika kwanza."

"Marahaba. Nipe maji, mwana. Nimetoka mbali."

Nikamchotea kikombe kwenye mtungi. Akakitazama, hakukipokea.

"Na cha mwenzake?"

Nikadhani ana mwenziwe nje. Nikachungulia, hakuna mtu. Nikasema moyoni, wazee bwana, nikachota kikombe cha pili. Akavipokea vyote, kimoja mkono wa kulia, kimoja wa kushoto, akaviweka chini mbele yake, sambamba, wala hakunywa. Nikageuka kumsogezea kigoda. Kugeuka tu, kule kama unavyogeuka wewe kuangalia simu. Niliporudisha macho, hayupo.

Nikatoka nje. Barabara nyeupe kwa jua, hakuna hata mbwa. Nikarudi ndani. Sasa nisikilize vizuri. Stoo yetu ina mlango wa wavu wa chuma, unaona ndani lakini huingii. Kufuli lilikuwa limefungwa. Ufunguo niliushika kwa mkono wangu, ulikuwa kifuani, na kamba yake imelowa jasho langu.

Yule mama alikuwa ndani ya stoo.

Miguu iliniambia kimbia. Wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka, usijifanye shujaa. Mimi nilitaka kukimbia. Ila nikamwona amebeba nini. Mkono wa kulia amembeba Bukuru. Mkono wa kushoto amembeba Butoyi.

Butoyi! Nikatazama boksi miguuni pa meza yangu. Gundi iko vilevile, haijachanwa. Nikachukua wembe, nikachana. Ndani kulikuwa na karatasi zimekunjamana na shimo katikati mfano wa kiota, basi.

Niamini, hapo hofu na hasira zilipigana, na hasira ikashinda. Nimetunza stoo ile miaka. Nimefukuza mende, nimefukuza wezi, nimefukuza hata wanafunzi wenye mikono ya mandazi. Mtu anatembea na vitu vya stoo bila idhini yangu? Awe hai, awe mfu, havitoki. Nikafungua kufuli, nikaingia, nikasimama katikati ya mlango.

Ubaridi ulinipokea. Si ubaridi wa feni, ule ni upepo tu. Huu ulikuwa ubaridi wa Kalinzi saa ya ukungu, wenye harufu ya maua ya kahawa na ya majani mabichi. Ukutani tuna kipimo cha unyevu, kishale chake siku hiyo kilikuwa chini kabisa kwa ukame. Sasa kilikuwa kimelalia upande wa pili, hakina pa kwenda tena. Pumzi yangu ilitoka na moshi. Ujiji, mchana!

"Viweke chini," nikasema.

"Ni abana banje," akasema. Watoto wangu. Sauti yake haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo lililonitisha. Ilikuwa sauti ya mama aliyechelewa kumfuata mtoto shule.

"Najua ni wako. Kiza alinieleza. Lakini alinikabidhi mimi, na wewe hukunikabidhi wala hukuniaga. Viweke."

"Butoyi alilia ndani ya boksi. Usiku kucha." Akamwinamia, akampangusa kwa ncha ya kitenge. "Mwenziwe naye akaanza. Ninyi hamsikii? Mnakaa nao siku zote, hamsikii?"

Nilitaka kumwambia usiku uliopita Butoyi hakuwa bado kwenye boksi, alitiwa asubuhi ile ile. Halafu nikakumbuka salamu yake, nikaelewa kwamba kwake yeye saa hazihesabiki kama zangu. Kwake kulikuwa ni asubuhi ya kwenda kisimani, na watoto hawapo mahali pao.

Akaanza kuja mlangoni. Kila alipokanyaga paliachwa unyayo wa tope jekundu. Sikubanduka.

"Mama," nikamwambia, na hapa sauti ilinipanda bila kutaka, "nikuulize. Ukitoka nao, unawapeleka wapi? Nyumba yako Kalinzi imekwisha anguka. Kisima chako kimezungushiwa senyenge. Wajukuu zako wanataka kupanda vitunguu ndani ya watoto wako, vitunguu! Utawaweka kwenye ukungu? Watashikwa na nani? Hapa wana rafu. Hapa wana mtu anayewajua kwa majina. Wewe ulifanya kazi yako, ukaifanya mpaka mwisho. Sasa ni yangu, na hutaichukua kwa sababu mwanamume mmoja ameitwa mkuu akajisahau."

Akasimama. Tulikuwa karibu, ningenyoosha mkono ningemgusa. Macho yake yalikuwa ya kawaida, mekundu kidogo, ya mtu asiyelala.

"Wewe una nini cha kunizuia?"

"Sina kitu," nikasema. "Nimesimama tu. Utanipita mimi."

Nilikuwa nalia wakati nasema hivyo, sioni haya kukuambia. Nilikuwa nalia kwa hofu, na kwa uchungu wa yule Butoyi kwenye boksi la sabuni, na kwa hasira. Lakini nilikuwa nimesimama.

Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayeozesha binti na anataka kujua nyumba anayompeleka.

"Utawalinda wote wawili?"

"Wote wawili."

"Sawasawa?"

"Sawasawa. Akipata huyu, anapata na yule."

"Na wakija kumchukua mmoja?"

"Watanikuta hapa."

Basi akanisogelea, akaniwekea Bukuru mkono wa kulia, akaniwekea Butoyi mkono wa kushoto, akawapanga vizuri kwenye kunjo la kiwiko kama mkunga anavyokupa mtoto. Vilikuwa vizito. Vilikuwa vimejaa maji hadi mdomoni, maji ya baridi kali, yakanimwagikia mikono ya gauni.

"Haya, Mama Bukuru," akaniambia.

Sikupepesa macho. Nasema tena, sikupepesa. Hakutoweka kama moshi wala nini. Alikuwepo, halafu umeme ukarudi, feni kule mezani ikaanza kuzunguka, na pale aliposimama palikuwa sakafu na nyayo za tope zikikauka.

Nikaviweka rafuni, midomo imeelekeana. Nikakaa chini, nikakamua mikono ya gauni.

Gari la hoteli lilikuja alasiri, na Sadoki nyuma yake na kufuli zake mpya. Dereva akaomba mzigo. Sadoki akainua boksi, akaona jepesi, akafungua, akakuta karatasi. Uso ukambadilika.

"Kiko wapi?"

"Rafuni kwake," nikasema. "Mama yao amemrudisha."

Nikamweleza, kwa kifupi, kama nilivyokueleza. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyepigwa na jua. Akaona nyayo, akasema nimeingia na matope. Akaona gauni limelowa, akasema nimemwagikiwa mtungi. Mtu aliyesoma ana jibu la kila kitu, na mimi pia nimesoma, kwa hiyo najua tunavyoyatafuta.

"Pisha nichukue."

"Sipishi."

"Unajua nitakuandikia onyo?"

"Andika. Kalamu iko mezani."

Akanibana pembeni ya mlango, akapita. Sadoki ni mtu wa mwili. Akanyoosha mkono, akamshika Butoyi, akageuka.

Bukuru akaanza kutoka maji.

Yalianza tone moja moja, pembeni mwa mdomo, yakianguka kwenye ubao wa rafu. Sadoki akasimama, akatazama bati, akadhani ni mvua. Kulikuwa kukavu. Akapiga hatua kwenda mlangoni, maji yakaongezeka. Akapiga nyingine, yakawa yanachuruzika, yakaingia kwenye maboksi ya nyavu yaliyo chini. Chungu cha kuenea kiganjani, jamani, maji yale yangejaza ndoo! Dereva wa hoteli aliyekuwa anachungulia wavuni akarudi kinyumenyume hadi barabarani, nikasikia mlango wa gari unafungwa.

"Ni nini hiki?" Sadoki akasema. Sauti ilikuwa imekonda.

"Nakala," nikamwambia. "Si ulisema ni nakala? Nenda nayo. Nenda tuone utafika wapi."

Akajaribu hatua moja zaidi. Namheshimu kwa hilo, alikuwa anaipenda nyumba yake na alilitaka bati kweli. Maji yakamwagika kwa kishindo, na chini ya sauti ya maji kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, ya mtoto anayelia mpaka pumzi inamkatika. Sadoki ana watoto watano. Aliijua sauti ile kabla yangu. Akarudi mbio, akamweka Butoyi mahali pake, akaviegemeza mdomo kwa mdomo kwa mikono yake mwenyewe, na maji yakakatika.

Tulikaa tukisikia matone ya mwisho. Halafu mimi nikachukua tambara nikaanza kuokoa nyavu, na yeye akapiga magoti kando yangu, tukaokoa pamoja.

Jioni nikampigia simu Mzee Kiza. Sikumwambia chochote zaidi ya kwamba nadhani mama yake alipita kutusalimu. Akaniuliza swali moja tu.

"Aliomba maji vikombe vingapi?"

Nikamwambia viwili. Mzee wa watu akalia kwenye simu hadi salio langu likaisha.

Basi, hayo ndiyo. Ukitaka kujua yaliyofuata, bwana wa hoteli alikasirika na bati lake amelipeleka kwingine. Sisi bado tunavujiwa. Mvua ikinyesha natoka kitandani kwangu nakwenda kupanga masufuria, na Sadoki huwa keshanitangulia na tochi. Yeye mpaka leo akiulizwa husema siku ile bomba lilipasuka. Nyumba yetu haina bomba. Maji tunachota kwa jirani. Lakini juu ya mlango wa stoo ameandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake, bila kuombwa na mtu: VILIVYOINGIA PAMOJA HAVITENGANISHWI. Wageni wakimwuliza maana yake, huwaonyesha mimi kwa kidole na kwenda kujishughulisha na jambo lingine.

Nami sikubaki kama nilivyokuwa. Mikono ya lile gauni haikauki. Nimeianika juani, nimeipiga pasi, ina ubaridi uleule na harufu ileile ya kahawa ikichanua. Hilo nimelizoea. Lisilozoeleka ni sokoni Mwanga. Mimi sijawahi kuzaa pacha, nina binti mmoja tu na ameshaolewa Kasulu. Lakini wanawake wanaoshuka na maharage kutoka Kalinzi, ambao sijawahi kuwaona na hawajawahi kuniona, huniita "Mama Bukuru" nikiwa mbali bado. Nikinunua fungu moja wananipa mawili. Nikikataa wanashangaa, wananiuliza, "Na mwenziwe ale nini?" Mwanzoni nililia kila nikirudi nyumbani. Siku hizi nachukua mafungu yangu mawili, nasema ahsante.

Mwaka ujao wananistaafisha. Tayari wameulizia ufunguo, eti niukabidhi mapema ili kazi isilale. Nimewaambia nitamkabidhi atakayekuja mbele yangu akawaita wale wawili kwa majina, akanijibu maswali niliyoulizwa mimi. Mpaka apatikane, kamba ya kiatu iko shingoni. Waje.

Na wewe unayenisoma, nina neno na wewe. Kama sebuleni kwako kuna chungu, kigoda, ngoma, kitu chochote cha watu ulichonunua kwa sababu kilikuwa kizuri, ukaambiwa kina mwenzake ukasema kimoja kinatosha, usijidanganye kwamba mambo haya yanangoja giza. Mtafute mwenzake. Mrudishe leo. Lakini kama wewe ni mbishi kama Sadoki, basi nakuomba angalau hili: mchana ukiwa peke yako, jua likiwa utosini, ukasikia mtu mlangoni anakupa salamu ya asubuhi, usimpe kikombe kimoja.